Hakuanguka kwa Sababu ni Mfupi

Nimefuta ile klipu. Wale mnaniuliza tangu Jumatatu imeenda wapi, haijaenda popote, nimeifuta mimi mwenyewe. Leo nawaambia kwa nini, halafu mkitaka kunitukana mnitukane mkiwa na habari kamili.

Kama hukuiona: ni sekunde 13. Steji ya 46, Kawangware, jioni, ule wakati watu wanatoka kazi na kila mtu anataka nduthi. Dada mmoja mfupi, mwembamba, rifleksta inakaribia kumfika magoti, anasimama kando ya lami kubeba mama mwenye mfuko wa sukuma wiki. Mama anapanda. Nduthi inaanza kulala kushoto, polepole, kama mtu anasinzia kwa matatu. Dada anaweka mguu. Mguu unatafuta chini na haupati. Wote wawili wanaenda, sukuma inamwagika barabarani, steji nzima inacheka. Ukiongeza sauti unasikia mwenye ameshika simu pia anacheka. Huyo ni mimi.

Klipu ilitembea kuliko kitu chochote nimewahi kuposti. Na mkakomenti. "Mpeeni baiskeli." "Nani alimruhusu kutoka shule?" "Madem wabaki kwa kiti cha nyuma." Na ile yenye ilipata laiki nyingi kuliko zote: "Boda ni kazi ya wanaume warefu."

Hapo kwa wanaume warefu ndio nilikwama. Kwa sababu mimi, huyu mnamfuata, kimo changu ni sentimita 160, na nikishiba chapo na madondo nafika kilo 50. Huwa mnaniona kwa simu nimekaa, hamjui.

Baada ya kuacha chuo mwaka wa pili (karo ilikataa, hiyo stori mnaijua), nilipeleka chakula kwa nduthi miezi 14, Kawangware hadi Lavington na Kilimani, usiku narudi kulala Makina, Kibera. Na nimeanguka vile vile huyo dada alianguka. Mara mbili. Mara ya pili nilikuwa nimebeba mama jirani, hata sikuwa namlipisha, na ekzosi ikamchoma mguu. Alama iko mpaka leo. Tukipatana Toi Market huwa ananisalimia vizuri kabisa, "sasa kijana wangu", na mimi huwa naangalia ule mguu.

Kwa hivyo nilikuwa najua kitu chenye hakuna komenti ilisema, na bado nikacheka. Huyo dada hakuanguka kwa sababu ni mfupi. Hakuanguka kwa sababu ni msichana. Alianguka kwa sababu alipewa nduthi iliyokazwa kwa mwili wa mtu mwingine, na kuanzia aliyemuuzia hadi sisi wa steji, hakuna hata mmoja alimuuliza: mguu wako unafika?

Nimeitazama ile klipu kama mara thelathini kabla niifute, na nitawaambia chenye niliona. Kenya tunaendesha kushoto. Barabara zetu nyingi zimeinuka katikati na kuteremka kando ili maji ya mvua yaende mtaroni. Maanake ukisimama kando kubeba abiria, ardhi ya upande wako wa kushoto iko chini kuliko ya kulia. Mguu unaoweka chini ni wa kushoto, kwa sababu wa kulia uko kwa breki. Na abiria wengi wanapandia kushoto, anakushika bega, anavuta uzito wake wote upande huo huo. Mambo matatu, yote kushoto, kwa sekunde moja. Msee wa futi sita hata hajui hiyo kitu iko. Goti lake linakunja kidogo, anaendelea na stori. Lakini mimi na huyo dada tukipoteza sentimita nne pale kwa mteremko, hizo nne ndizo tulikuwa nazo.

Sasa ongeza springi. Nduthi nyingi za boda mtaani zimebeba kila kitu: magunia, magodoro, kreti za soda, abiria wawili ingawa sheria ya trafiki inasema ni mmoja. Ndio isiguse chini, mwenyewe anaambia fundi akaze springi za nyuma mpaka hatua ya mwisho. Wengine wanaweka shoki ndefu zaidi. Mtu wa kilo 85 akikalia hiyo nduthi, inashuka. Mtu wa kilo 50 akiikalia, haishuki hata kidogo. Kwa hivyo nduthi ni moja, na kwa karatasi kiti kina kimo kimoja, lakini kwa yule mzito iko chini na kwako iko juu. Kila mtu anaongea juu ya ufupi. Wepesi hakuna mtu huutaja, na wepesi ndio unakuangusha mara ya pili: nduthi inakurukisha kwa kila tuta, na ukiweka ule mwavuli mkubwa wa boda, upepo wa Southern Bypass unakupeleka mahali haukuwa unaenda.

Jumatano nilirudi 46 kumtafuta huyo dada. Alinijua kabla nimsalimie. Hakunitukana, na ningependa angenitukana. Aliniambia tu kwamba tangu ile klipu, wateja wakifika wanamwangalia halafu wanaita "yule mwingine". Mkopo wa nduthi analipa kila siku, mvua au jua. Mkopo haujui kama umechekwa.

Nikamwomba nione nduthi. Ilikuwa imetumika kabla aichukue. Springi za nyuma ziko hatua ya mwisho, zote mbili. Nikamuuliza, wakati unachukua, ulikaa juu yake? Akasema ilikuwa imefungwa mnyororo na zingine, akaambiwa alipe ya kwanza ndio aionjeshwe. Aliikalia mara ya kwanza ikiwa tayari ni deni lake.

Fikirieni hapo. Kiatu cha gikomba cha mia tatu, unavaa, unatembea hatua mbili, unakataa. Lakini chombo cha karibu kilo 120, kitakachobeba mtoto wa mtu mgongoni pako, unalipia kikiwa kimefungwa mnyororo. Na ukianguka nacho, wewe ndio kichekesho.

Sasa nyinyi wa "kazi ya wanaume warefu", kaeni chini niwape darasa la bure, mimi mwenye sikumaliza.

Kuna Mhispania anaitwa Dani Pedrosa. Alikuwa anashindana MotoGP, mbio kubwa kuliko zote za pikipiki duniani. Kimo chake ni karibu sentimita 160, kama mimi. Uzito wake ulikuwa kama kilo 51, kama mimi nikiwa nimekula. Alishinda mbio 31 za daraja la juu kabisa, kwa mashine za Honda zenye nguvu kuliko magari mengi mnayoyaota. Unafikiri walimpa pikipiki ya mtu mwingine na kumwambia "zoea, wewe ni mwanaume"? Timu nzima ya mafundi ilikuwa inarekebisha kiti na springi mpaka zikubaliane na mwili wake. Kwa kiwango hicho cha dunia wanajua kwamba mashine ndio inafuata mwili. Sisi hapa 46 bado tunaamini mwili ndio ufuate mashine.

Na kama mnataka idadi, chombo cha injini kilichotengenezwa kwa wingi kuliko vyote duniani ni Honda Super Cub. Ilianza 1958 huko Japani, na kufikia 2017 walikuwa wametengeneza zaidi ya milioni 100. Ni ndogo, nyepesi, na mbele ya kiti iko wazi, unapitisha mguu bila kuurusha juu. Ilitengenezwa ndio mtu wa kawaida aweze kuendesha na kupeleka chakula. Asia nzima imeinuka juu ya vyombo vya aina hiyo. Hakuna mtu Vietnam anaulizwa kama amefika futi sita ndio apeleke supu.

Na kuhusu wasichana, endeni Ugunja, Siaya, mkaone Boda Girls wakipiga kazi. Mkirudi mtaniambia nani anafaa kukaa kiti cha nyuma.

Kuna kikundi kingine, hawa huwa wanakuja kwa upole: "Bro, wewe nunua tu ile ndogo ya 100." Asante, lakini hiyo ni kupima kiatu kwa kuangalia rangi. Ile namba ni ukubwa wa injini, haipimi kimo cha kiti wala upana wake. Na kuna kitu hamfikirii. Ukiwa umebeba mtu wa kilo 90 kutoka Gatwekera kupanda Olympic, na injini haina nguvu, itazima katikati ya mlima. Nduthi ikizima kwa mlima ndio mfupi anaanguka vizuri kabisa. Ndogo inaweza kukufaa, hasa kama unabeba vifurushi vyepesi au unaenda tu kazi na kurudi. Lakini ikufae kwa sababu umeijaribu, isiwe kwa sababu mtu alikuona ukawa "wa 100".

Na sijakuja kuponda Boxer, wekeni mawe chini. Najua kwa nini Boxer na TVS zimejaa kila steji. Spea unapata kila kona, fundi wa chini ya mti anaifungua akiwa amefumba macho, ukiuza mtu ananunua siku hiyo hiyo. Hiyo ni akili, si ushamba. Ukinunua kiskuta kizuri cha kimo chako halafu kebo ya klachi ikatike na ukose spea wiki mbili, umenunua kiti cha kupumzikia. Kwa hivyo simwambii mfupi yeyote akimbie nduthi za steji. Namwambia aziendee moja moja, 100, 125, 150, na azikalie.

Hata za umeme. Siku hizi Roam, Ampersand na Spiro ziko kila mahali Nairobi. Kwa mtu wa mkono mdogo zina raha yake: hakuna klachi, hakuna gia, na hakuna injini ya kuzima kwa mlima. Lakini betri ina uzito, na kiti ni kiti. Kalia pia.

Sasa nisikilizeni, hii ndio sehemu ya kuhifadhi. Kabla utoe hata shilingi, nduthi yoyote, mpya au ya pili, fanya hivi.

Kwanza, ikalie ikiwa haiko kwa stendi, na viatu vyenye utaendesha navyo. Usivae buti za kuazima. Si lazima nyayo zote zilale chini. Lakini sehemu ya mbele ya miguu yote miwili ifike, au ukisogeza kiuno upande mmoja, mguu mmoja ulale wote. Ukiwa unafika na vidole tu, hiyo bado.

Pili, usijaribu kwa vigae vya duka. Omba itolewe nje, uiweke pale barabara inateremka kushoto, halafu uweke mguu wa kushoto. Hapo ndio utaishi.

Tatu, rafiki yako mzito kuliko wote apande nyuma, apandie kushoto, na akushike bega. Ikiyumba na wewe mkiwa mmesimama, itakulaza siku ya mvua. Kama kazi yako ni ya boksi, hakikisha unaweza kupanda boksi likiwa limefungwa. Boksi refu linamaliza mtu mfupi, mguu haupiti nyuma.

Nne, geuza usukani mpaka mwisho kulia, halafu kushoto. Mkono wa mbali bado unafika na kiwiko kimekunja? Vidole vinafika klachi na breki bila kuachilia mpini? Kama hapana, muulize fundi kama mpini unaweza kugeuzwa karibu nawe.

Tano, shuka, isukume mbele, irudishe nyuma, izungushe duara. Utafanya hivyo kila siku kwa steji, zaidi ya vile utakimbiza.

Sita, jifunze kuiinua kabla ianguke. Zima injini, iwe kwa gia. Kama imelala kulia, toa stendi ya kando kwanza. Igeukie mgongo, makalio kwa kiti, shika mpini na chuma cha nyuma, halafu rudi nyuma kwa hatua ndogo ukisukuma na miguu. Usiinue kwa mikono, mgongo utaulipia ukiwa na miaka 30.

Ikikataa kidogo tu, kuna dawa kabla uiache. Shoki nyingi za nyuma zina pete ya kuzungusha yenye hatua. Fundi ailegeze mpaka ikae na uzito wako, na ukibeba mzigo mkubwa muikaze tena. Fundi wa viti anaweza kupunguza upana wa kiti pale mbele, kwa mapaja. Usikate tu unene, kwa sababu mara nyingi upana ndio unatanua miguu yako na kuiba sentimita. Lakini usikubali mtu akuwekee shoki fupi halafu aache stendi ya kando vile ilikuwa. Nduthi itasimama wima sana, na upepo utaiangusha ukiwa ndani unakunywa chai.

Na helmeti. Kama inazunguka ukitikisa kichwa, hiyo umevaa sufuria. Tafuta saizi yako.

Kwa wadogo zangu wa sekondari wenye mnanitumia meseji: ukifika 18 NTSA inakupa leseni ya A2, lakini ya kubeba abiria na vifurushi, A3, ni kuanzia miaka 21. Kwa hivyo mko na muda. Utumieni kujifunza, msiutumie kuota namba ya injini.

Kuna watu watasema nabembeleza wafupi. Ati mtaa haubembelezi mtu, mkopo haungoji, chukua yenye iko uzoee. Hiyo lugha naijua, ndio niliambiwa mimi. Na nilizoea. Nilizoea kusimama karibu na kitu cha kuegemea, kukataa abiria wazito na kudanganya kwamba nina safari nyingine, kutosimama kabisa kwa taa. Nilijifunza kuishi na nduthi mbaya kwangu, na nikaita hiyo uanaume. Bili ya kuzoea kwangu iko kwa mguu wa mama jirani, wala si kwa mguu wangu. Ndio maana hii si stori ya wafupi peke yao. Kila mtu ako soma hii huwa anapanda nyuma ya mtu.

Kwa hivyo kwenu mnaouza na mnaokopesha: fungueni huo mnyororo. Mnajua kupima kitambulisho, namba ya simu na wadhamini wawili. Pimeni na mguu. Mpe mtu dakika kumi nje ya duka. Akianguka na nduthi yenu na asilipe, mnarudi kuichukua, na hiyo ni hasara hata kwenu.

Kwenu wa steji: mkiona mtu mpya mfupi, mwonyesheni mahali lami iko sawa pa kubebea abiria. Hiyo haiwapotezei mteja.

Na mimi. Jumatano jioni tulienda na huyo dada kwa fundi pale karibu na Congo. Alilegeza springi hatua tatu, ilimchukua dakika kama tano, akaitisha mia moja. Dada akakaa. Mguu ukafika, si wote, lakini ukafika. Akaniangalia akaniuliza, "Hii kitu ilikuwa inawezekana tangu mwanzo?"

Sikuwa na jibu. Nilibebwa naye mpaka Dagoretti Corner, nikipandia kushoto makusudi, na nikamlipa bei ya kawaida. Mkifika 46 na mumwone, yule mfupi, rifleksta kubwa, msiite yule mwingine.